Jeli haihesabu kromosomu

Kosa lilifanyika pale RAPD, kipimo kinachonakili vipande vya DNA kwa praima fupi na kuvionyesha kama mistari kwenye jeli, ilipopewa kiti cha hakimu. Miaka ya 1990, maabara za Kanada na Ulaya zilizokuwa zikizalisha mispruzi kwa viinitete vya tishu ziliendesha DNA kwenye jeli, zikaona mistari inalingana, zikahitimisha kwamba vinasaba havijabadilika. Hitimisho hilo halikuwa na miguu. Jenomu ya mspruzi Picea abies, iliyochapishwa mwaka 2013, ina besi takriban bilioni 20. Tuwe wakarimu, tuchukulie mistari 100 yenye besi 1,000 kila mmoja: hizo ni besi 100,000, yaani sehemu moja kati ya 200,000. Na hata huo udogo wa sampuli si ubaya mkuu. RAPD huuliza kama kipande kipo au hakipo, basi. Mche wenye kromosomu 25 badala ya 24 haujapoteza kipande wala haujapata kigeni. Una nakala ya tatu ya kile kile, na nakala ya tatu huchora mstari ule ule. Ongeza praima hamsini, ongeza mia, jibu litabaki hilo hilo. Mwaka 1997 watafiti wa Ubelgiji waliliweka wazi kwa mti huu huu: hadubini ilikuta miche yenye kromosomu ya ziada, na RAPD haikuweza kuitenga na mizima.

Watetezi husema kuhesabu kromosomu ni kazi ya kuchosha, na za misonobari zinafanana mno. Ni kweli zinafanana, lakini kujua kama ni 24 au 25 hakuhitaji kuzitambua moja moja. Wanabotania Karl na Hally Sax walizihesabu mwaka 1933, jenasi kwa jenasi, bila mashine yoyote ya kunakili DNA, na hesabu yao ya 12 kwa seti moja, yaani 24 kwa seti mbili za mche, katika misonobari na mispruzi ndiyo tunayoitumia hadi leo. Siku hizi kinachotakiwa ni ncha ya mzizi, kolkisini, rangi na mtu anayejua kutazama: subira hiyo ndiyo iliyotupwa siku jeli ilipoingia maabara. Wengine hukimbilia mashine ya kupima kiasi cha DNA kwenye kiini cha seli. Hiyo itaunasa mche wa tetraploidi, wenye seti nne za kromosomu, bila shida, kwa kuwa DNA yake ni maradufu. Kromosomu moja ya ziada, hata hivyo, huongeza asilimia 4 tu, na tofauti hiyo humezwa kirahisi na mtawanyiko wa vipimo vyenyewe. Hoja kwamba viinitete vyenye kasoro hufa vyenyewe ndiyo dhaifu kuliko zote, maana ile ya Ubelgiji ilikuwa miche hai.

Kuhifadhi koo za seli kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kulifanywa vizuri. Lakini baridi husimamisha kilichopo, haikisafishi.

Hata hesabu ya kromosomu haitoshi peke yake, na mchikichi ulishatuonyesha hilo. Michikichi ya tishu ilipandwa ikiwa na afya machoni, kisha miaka ya 1980 maua yake yakatoka na kasoro na matunda yakaharibika. Chanzo kilijulikana mwaka 2015: kipande kiitwacho Karma kilikuwa kimepoteza methili zake, mfuatano wa besi ukiwa haujaguswa. Mchikichi hutoa maua mapema na kumsaliti aliyekosea. Mspruzi hukaa miongo miwili au zaidi kabla ya kuzaa koni, na kufikia hapo msitu mzima umeshapandwa kutoka ukoo mmoja. Mti unaochelewa kuonyesha kasoro ulistahili kipimo kikali zaidi, nao ukapewa kilicho chepesi.

Ukoo usiingie kwenye tangi la nitrojeni kabla kromosomu za miche yake hazijahesabiwa, na miche ya majaribio ifuatiliwe shambani hadi izae koni. Mwenye shamba akiletewa cheti cha uthabiti chenye picha ya jeli peke yake, akirudishe.