Mahali pa Kuiweka Kalenda

Mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Texas, kupitia idara yake ya uchapaji, kilitoa juzuu ya kwanza ya Handbook of Middle American Indians, ensaiklopedia ya watu wa Meksiko na Amerika ya Kati tangu zama za kale. Mwaka 1976 ikatoka juzuu ya 16. Mhariri mkuu alikuwa Robert Wauchope, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Tulane. Wasomaji huwasifu walioandika makala, na wana haki. Mimi hukawia kwenye kurasa za yaliyomo. Nani aliamua kitu hiki kikae hapa na kile kikae kule? Kwa nini? Na hakuna kitu kinachompima mpangaji kama kalenda.

Tuitazame kalenda yenyewe kwanza. Katika nchi zote ambazo Paul Kirchhoff alizikusanya mwaka 1943 chini ya jina Mesoamerika, watu walihesabu mzunguko wa siku 260: namba 1 hadi 13 zikienda bega kwa bega na majina 20 ya siku. Kando yake ulikuwapo mwaka wa siku 365, wenye miezi 18 ya siku ishirini ishirini, na mwishoni siku 5 za nuksi. Mtu wa Makunduchi, ambako Mwaka Kogwa nao umetokana na mwaka wa siku 365 usioongezwa siku, hatashangaa kusikia kwamba miezi hiyo iliyahama majira pole pole. Mizunguko hii miwili ikiondoka pamoja, hairudi ilipoanzia mpaka zipite siku 18,980, yaani miaka 52. Juu ya hayo Wamaya na baadhi ya majirani zao walikuwa na Hesabu Ndefu, inayojumlisha siku moja moja tangu mwanzo ambao, kwa ulinganisho na kalenda yetu unaokubaliwa na wataalamu wengi, ni Agosti 3114 KK.

Sasa mambo haya yote yawekwe wapi? Ukiyaandikia makala moja kubwa, msomaji ataona jinsi watu hawa walivyokuwa na mfumo mmoja, lakini watu wengine wa Mesoamerika, kama Wazapoteki na Wamixteki, watageuka mkia wa Wamaya. Ukigawa kwa kabila, utaeleza zile siku 260 mara nne, na waandishi wanne watazieleza kwa namna nne. Ukiipeleka kalenda kwenye dini, umekwisha kuamua kwamba ni mambo ya makuhani, kabla hujasoma hata jiwe moja lililochongwa tarehe.

Wauchope na wahariri wa juzuu waliigawa kwa eneo, wakaiweka ndani ya akiolojia. Juzuu ya 2 na ya 3, zilizohaririwa na Gordon Willey mwaka 1965, zilichukua kusini. Ya 10 na ya 11, za mwaka 1971, zikachukua kaskazini. Kalenda ya Wamaya wa nyanda za chini alipewa Linton Satterthwaite. Ya Wazapoteki na ya Wamixteki aliandika Alfonso Caso, na miaka sita baadaye ikatoka ya Meksiko ya kati, kazi ya Caso huyo huyo. Hapo ndipo ninapotoa heko: kalamu moja imepita katika maeneo matatu, na ule umoja uliokatwa na mgawanyo wa juzuu umeshonwa upya na mwandishi. Tena ni mwandishi aliyechafuka udongo. Caso ndiye aliyefukua Kaburi la 7 la Monte Albán mwaka 1932, na mwaka 1949, kwa kutumia ramani ya Teozacoalco, akaupangia ukoo wa watawala wa Kimixteki tarehe zake.

Wamixteki humtaabisha mpangaji kwa jambo jingine. Waungwana wao waliitwa kwa siku waliyozaliwa. Mtawala wa Tilantongo aliyevuma kuliko wote aliitwa 8 Kulungu. Je, katika faharasa atafutwe kwenye nane, kwenye kulungu, au kwenye Tilantongo? Faharasa nzuri humpa milango yote mitatu na kiti kimoja. Hiyo si kazi ya mashine ya kupanga alfabeti. Inamtaka mtu anayejua kwamba hapo tarehe na mtu ni kitu kimoja.

Tazama pia jiwe la Tres Zapotes, huko Veracruz. Matthew Stirling alilifukua mwaka 1939 likiwa nusu, tarehe yake ya Hesabu Ndefu imekatika kichwa. Yeye na mkewe Marion wakakadiria kwamba namba iliyopotea ni 7, jambo lililolipeleka jiwe mwaka 32 KK, mapema kuliko tarehe yoyote ya Kimaya iliyojulikana. Wengi walikataa. Mwaka 1969 kipande cha juu kikapatikana, na namba ilikuwa 7. Jiwe hilo linadaiwa na makala ya Waolmeki, ya maandishi, ya Hesabu Ndefu na ya ulinganisho wa kalenda. Mpangaji mvivu hulisimulia mara nne. Mpangaji hodari hulisimulia mara moja, kisha anawaelekeza wengine huko.

Kuiweka kalenda kwenye akiolojia nako kulikuwa busara. Sababu ni Piedras Negras, mji wa Kimaya wa Guatemala. Satterthwaite alichimba huko miaka ya 1930, na mchoraji mmoja wa majengo yake alikuwa Tatiana Proskouriakoff. Mwaka 1960 Proskouriakoff alionyesha kwamba tarehe za mawe ya mji huo zimekaa mafungu mafungu, na kila fungu linatosha umri wa binadamu mmoja. Zilikuwa tarehe za wafalme: kuzaliwa, kutawazwa. Aliyapata hayo kwa kupanga tarehe na kuangalia jiwe lipi lilisimama mbele ya jengo lipi. Kalenda na eneo la uchimbaji vilisomwa pamoja, kama vinavyokaa pamoja katika juzuu ya 3.

Mpango huu una kasoro, na kubwa ni hii: Wamaya wa nyanda za juu wa zama zetu wamewekwa juzuu ya 7, kwenye etnolojia, mbali na mawe. Huko Momostenango, Guatemala, wako watu wanaozihesabu siku 260 hadi leo. Msomaji anayeanza na akiolojia anaweza kufunga kitabu akidhani hesabu hiyo ilikufa.

Juzuu ya 16 nzima ilitengwa kwa ajili ya marejeo na vielelezo vya juzuu nyingine, kazi ambayo wahariri wengi huwatupia wasaidizi. Kisha mwaka 1981 zikaanza kutoka nyongeza, chini ya Victoria Bricker, ya kwanza ikihusu akiolojia. Wakati huo njia ya Yuri Knorozov ya kusoma alama za Kimaya kwa silabi, aliyoitangaza mwaka 1952, ilikuwa inakubalika, na mawe yakasomwa maneno yake mbali na tarehe. Nyongeza ya tano, ya mwaka 1992, ikawa ya maandishi peke yake. Iliingia rafuni bila juzuu hata moja ya zamani kubadilishwa namba.