Neno "Kwetu" katika Nyimbo za Mapenzi za Tanga

Wako walimu wazidharauo nyimbo za taarabu na dansi, wakisema ni upuuzi wa mahaba. Na wimbo ukitaja mji wa mwimbaji, huongeza kuwa ni majivuno. Sisi twaona hawakulisikiliza vema neno moja, nalo ni "kwetu".

Kwa watu wa pwani neno hili si mahali tu. Mwanamke aolewapo hutoka kwao akaenda kwa mumewe. Basi mwimbaji amsimuliaye mpenzi wake habari za kwetu, minazi yake, bahari yake na ukarimu wa watu wake, hajisifu, bali aposa. Amwonyesha nyumba kabla ya kutaja mahari.

Na Tanga neno hilo lilikuwa zito. Mkonge ulioletwa mwaka 1893, na reli iliyoanza kujengwa mwaka huo huo, viliwavuta vibarua wa makabila mengi kutoka mbali. Mgeni wa namna hiyo akipenda, swali la kwanza la wazee ni: kwenu wapi? Katika mji wenye swali hilo ndipo walipotokea Black Star na Lucky Star kwa taarabu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa dansi.

Atomic Jazz waliimba "Tanzania Yetu", wakaisifu nchi kwa magita yale yale yaliyobembeleza wapenzi. Twaupenda wimbo huo, hata miguu haitulii. Lakini "yetu" si "kwetu". Aambiwaye "yetu" yumo tayari ndani ya nyumba, hana wa kumkaribisha wala wa kumkataa. Na posa isiyoweza kukataliwa si posa. Sifa zikabaki, hofu ya mpenzi ikatoka. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliliona jambo hili: alipotaka kuisifu lugha yake aliifananisha na titi la mama, si na bendera.

Limebaki neno la wanawake, ambalo wakosoaji hulipita upesi. Mke aliyekwisha kuolewa huwaita wazazi wake "kwetu" hata uzeeni. Kwa hiyo mwimbaji wa kike asifupo kwao, kisima chake na mwembe wa uani, mume asidhani anapumbazwa kwa uzuri wa nchi. Anaambiwa kwamba njia ya kurudi bado inajulikana.