Malkia Bérénice na Kaisari Titus katika muchezo wa Racine

Yule Bernike tunayemusoma katika Matendo ya Mitume, aliyekuja Kaisaria kwa fahari pamoja na Agripa ndugu yake kumusikiliza Mutakatifu Paulo, ndiye Bérénice wa muchezo wa Racine. Waandishi wa Roma wanasimulia kwamba Titus, jemadari aliyebomoa Yerusalemu mwaka wa 70, alimupenda sana. Lakini alipokuwa kaisari, mwaka wa 79, akamuondosha Roma, na wote wawili wakaumia. Ni hayo tu. Kwa maneno hayo machache Racine akatunga tragedia ya sehemu tano, iliyochezwa Paris kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1670. Juma moja nyuma, kundi la Molière likacheza muchezo wa Corneille juu ya habari ile ile! Ule wa Racine ndio uliopendwa zaidi.

Hakuna vita humo, wala sumu, wala anayekufa. Watu wanaingia na kutoka katika chumba kimoja, kati ya makao ya kaisari na ya malkia. Racine mwenyewe aliandika kwamba tragedia haiombi sherti damu. Huzuni kubwa inatosha. Ninakubali.

Wamoja kati yetu wanamusifu Titus upesi, ya kama aliacha mapendo kwa ajili ya kazi yake, na wanataka kumufananisha na padri. Mimi ninakataa mufano huo. Padri anaahidi mbele ya altare kwa kinywa chake mwenyewe. Na Titus? Kwanza anamuuliza Paulin, mutu wake wa siri, Roma inasema nini. Paulin anamujibu wazi: Roma inachukia jina la mufalme, haitakubali malkia mugeni. Bérénice anaingia, Titus anaanza kusema, maneno yanakatika, anatoka mbio. Kisha anamutuma Antiochus, mufalme wa Commagene, amupashe habari. Huyu Antiochus naye anamupenda Bérénice, alinyamaza miaka mitano, na Titus hajui! Mwenye kuamuru dunia anashindwa na neno moja, anamubebesha rafiki. Bérénice hasadiki, anamukataza Antiochus kuonekana tena mbele yake.

Kweli, katika sehemu ya ine Titus anasema mwenyewe. Lakini amechelewa, na nyuma anatisha kujiua. (Antiochus vile vile anataka kufa. Kwangu mimi, yeye analalamika kupita kiasi. Hapo muchezo unalegea.)

Aliye na nguvu ni Bérénice. Racine hataji kwamba malkia wa kweli alikuwa amekwisha kuolewa mara tatu, na kwamba alimupita Titus miaka kumi hivi. Wake ni kama musichana anayependa mara ya kwanza. Naye alitaka kufa. Lakini mwishoni, anapoona ya kuwa Titus anamupenda kweli, anainuka, anakata shauri kwa niaba ya wote watatu: yeye aende, Titus atawale, Antiochus asimufuate, na wote waishi. Hakuna aliyemulazimisha. Antiochus anabaki na neno moja la kuugua, na muchezo umekwisha.

Mukitaka kuucheza, musimupe sehemu ya Bérénice yule anayejua kulia vizuri. Mumupe yule anayeweza kusimama kimya.