Postel Alikosea Januari 28

Kuuelekeza upya mzizi wa DNS, mfumo wa majina ya mtandao, halikuwa kosa. Jon Postel alikosea alipofanya kazi hiyo kwa barua pepe tu, kisha akajitetea kuwa lilikuwa jaribio.

Turudi kwenye tukio lenyewe. Januari 28, 1998, akiwa taasisi ya utafiti ya ISI kule California, aliwaandikia waendeshaji wa seva nane kati ya zile 12 zilizokuwa zikinakili faili la mzizi kutoka seva A ya kampuni ya Network Solutions: sasa nakilini kutoka seva ya IANA, aliyoisimamia yeye mwenyewe. Wakatii wote. Za NASA na za jeshi hakuzigusa. Kiufundi hapakuwa na doa. Data ilikuwa ileile na watumiaji hawakuhisi chochote.

Ndiyo maana inaniuma. Fundi wa kiwango hicho hakutangaza lolote mapema, hakuandika waraka wa RFC, wala hakutaja masharti ya kurudi nyuma. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, alipomtaka arudishe, Postel hakuwa na waraka wa kusimamia. Akarudisha. Kama lilikuwa jaribio, mpango wake uko wapi? Kama ulikuwa msimamo, na mimi naamini ulikuwa, basi ulistahili kutetewa hadharani.

Mlinganishe na Postel wa Novemba 1981. RFC 801 aliyoiandika ilipanga safari ya ARPANET kutoka itifaki ya NCP hadi TCP, zaidi ya mwaka mzima kabla ya Januari 1, 1983. Kila msimamizi wa mtambo alijua zamu yake. Mockapetris naye aliileta DNS kwa RFC 882 na 883, kila kitu peupe. Hao ndio wahandisi!

Kazi nyingine ya Postel, kuanzia uhariri wa RFC tangu 1969 hadi RFC 1591, ni safi.

Uozo wa majina ya mtandao ulianza 1995, Network Solutions ilipoanza kutoza jina la .com dola 100 kwa miaka miwili. Septemba 2003 VeriSign, iliyokuwa imeinunua Network Solutions, ikatuletea Site Finder, .com na .net zikajibu hata majina yasiyokuwepo. Kampuni kushika funguo za majina ni hatari, na Postel alikuwa na hoja nzito kuliko wote ya kulipinga hilo. Aliitupa mwenyewe.

Siku mbili baada ya barua pepe ile, serikali ya Marekani ilitoa rasimu yake ya usimamizi wa majina. Mzizi ulibaki chini ya uangalizi wake hadi Oktoba 1, 2016.