Kupima Ubora wa Picha za Kuelimisha Jamii: Mwongozo kutoka Gitega na Muyinga

Usanifu wa mawasiliano ya picha, yaani fani ya kupanga michoro, rangi na maandishi ili ujumbe ueleweke kwa kutazamwa, huhitaji vipimo vya pekee unapotumikia afya, kilimo au amani. Katika milima ya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, ambako kaya hazikusanyiki vijijini bali hutawanyika mteremkoni, kila moja ikizungukwa na migomba yake, picha za aina hii mara nyingi hufika zikiwa zimebebwa na mhudumu wa afya ya jamii katika bango kitita, yaani kurasa kubwa zilizofungwa kwa juu, zenye mchoro upande wa watazamaji na maelezo upande wa mhudumu. Mpimaji mzoefu huanza kwa kuyaficha maelezo hayo na kuwauliza watazamaji wanaona nini, kisha wanaona nani anafanya nini, na mwisho ni jambo gani wangelifanya wao. Wakikomea kutaja vitu tu, kama vile ndoo, mama na mtoto, mchoro umefaulu nusu tu, kwa kuwa vitu vimetambulika lakini tendo halikuonekana.

Kosa la kawaida la wasanifu waliosomea mjini ni kudhani kwamba kupunguza mistari ndiko kurahisisha. Mwaka 1976 Diana Fussell na Ane Haaland walichunguza nchini Nepal jinsi wanavijiji walivyozitambua picha za mitindo mbalimbali, na wakabaini kwamba mchoro wenye vivuli na undani wa kutosha ulitambulika kwa wepesi kuliko umbo jeusi lisilo na sura au mtu wa vijiti. Undani huo, hata hivyo, sharti uwe wa mahali husika. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, ambayo wachoraji wa mbali huipenda kama alama ya Afrika, humwambia mkazi wa Muyinga mwenye paa la vigae au mabati kwamba jambo linalozungumzwa ni la watu wengine. Alama ya mkasi juu ya tendo baya nayo ni mazoea ya darasani, na asiyepita darasani anaweza kuiona kama fimbo mbili zilizopishana.

Jambo zito kuliko yote, ambalo vitabu vingi vya usanifu hulipita kimya, ni miili ya watu wanaochorwa. Ukoloni uliacha nchini Burundi imani potofu kwamba kabila la mtu husomeka katika kimo na pua yake, na baada ya vita vilivyoanza Oktoba 1993 mtazamaji anaweza kukisoma kimo hicho katika bango hata kama mchoraji hakukusudia kitu. Bango la upatanisho linalomwonyesha mtu mrefu mwembamba akifundisha huku wafupi wameketi chini wakisikiliza huweza kupinga maandishi yake lenyewe. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka mizani ya kugawana nafasi serikalini na jeshini, lakini hakuna mkataba unaogawa nafasi ndani ya mchoro, na hivyo kazi hiyo humwangukia msanifu. Mpimaji makini hukagua nani amesimama na nani ameketi, nani ameshika kalamu na nani ameshika jembe, na kama nafasi hizo hubadilishana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Hukagua pia rangi, kwa sababu mchanganyiko unaofanana na bendera za chama unaweza kuligeuza bango la chandarua kuwa la kampeni.

Mikono hudai uangalifu wa pekee. Maktaba ya Muyinga, iliyokamilika mwaka 2012 kwa usanifu wa BC Architects na kujengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, ilikusudiwa kuwa sehemu ya shule jumuishi ya watoto viziwi, na kwa msomaji kiziwi anayetumia lugha ya alama, kidole kilichopinda vibaya katika mchoro ni sawa na neno lililoandikwa kwa makosa.

Kwa upande wa kilimo, mfano wenye mafunzo mengi haukuchorwa na wasanifu hata kidogo. Mradi wa PAPAB, ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa Uholanzi na kuzifikia Gitega na Muyinga pamoja na mikoa mingine, ulitumia mbinu ijulikanayo kwa ufupisho wa Kifaransa kama PIP, ambapo kaya huchora shamba lake lilivyo leo, kisha huchora jinsi inavyotaka liwe miaka ijayo, na kupanga hatua za kufika huko. Anayepima michoro hiyo kwa kanuni za shule ya sanaa ataikuta na kasoro tele, kwani mlima unaweza kuonekana kwa ubavu na mashamba kwa juu katika karatasi ileile. Ubora wake uko kwingine: kama mitaro ya kuzuia mmomonyoko inakata mteremko badala ya kushuka nao, kama zizi liko karibu na shimo la mboji, na kama mke anaweza kuueleza mchoro wote bila mumewe kumsaidia. Msanifu wa kulipwa ana mengi ya kujifunza hapo, ingawa ni wachache wanaokubali kuketi na kutazama.

Mambo ya uchapaji yanaweza kusemwa kwa ufupi. Juani, wino mwekundu na wa manjano hupauka kabla ya ule wa buluu, kwa hiyo ujumbe unaotegemea wekundu peke yake hautavuka kiangazi kimoja, ilhali mstari mweusi mnene utaubeba. Kirundi kipewe herufi kubwa na nafasi ya kwanza. Kiswahili kinafaa sokoni na katika mitaa ya mjini, lakini lugha tatu zikibanwa kwenye bango moja hakuna inayosomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Anayetaka kumwajiri msanifu wa kazi hizi asitosheke na mabango yaliyokamilika, kwa maana hayo huonyesha ustadi wa mkono tu. Aombe pia rasimu zilizokataliwa na watazamaji, pamoja na daftari linaloeleza walichosema na kilichobadilishwa baada ya hapo.