Mkokoteni Ukisumbua, Anza na Shingo ya Ng'ombe

Mikokoteni ya ng'ombe inayosomba pamba vijijini Bariadi, mkoani Simiyu, haiji na kitabu cha maelekezo. Mingi huundwa na mafundi wa kuchomelea, kwa ekseli za magari yaliyokufa, bomba, mbao na matairi yaliyokwisha kazi barabarani. Mwenye mkokoteni akirudi kwa fundi, analalamikia kilichovunjika: beringi imesagika, tairi limelika upande mmoja, mti wa kuvutia umepasuka. Fundi anabadilisha, anapokea hela yake, na msimu unaofuata wanakutana tena palepale. Mimi ningeanza kukagua mahali pasipo na chuma hata kidogo, shingoni mwa ng'ombe.

Mkokoteni wa magurudumu mawili ni mzani, na ekseli ndiyo mhimili wake. Chukua mzigo wa kilo 600, na kutoka kwenye ekseli hadi kwenye nira mita 3. Uzito wa mzigo ukikaa sentimita 10 mbele ya ekseli, nira inabeba kilo 20, ambazo ng'ombe wawili wanazimudu bila taabu. Ukisogea mbele sentimita 30, zinakuwa kilo 60, na hapo ndipo manyoya yanapoanza kunyonyoka na kidonda kufuata. Ukirudi nyuma ya ekseli, nira inanyanyuka na kamba za chini zinawabana koo. Kwa hiyo kidonda juu ya shingo kinasema mzigo uko mbele mno. Michubuko kooni inasema uko nyuma. Jibu hili halihitaji spana.

Mbona basi mkokoteni uleule unasomba mchanga wa mtoni mwaka mzima bila lawama, halafu unaleta balaa pamba ikianza kuvunwa? Kwa sababu ya kimo. Mchanga ni mzito na hulala chini, karibu na ekseli. Pamba mbegu ni nyepesi kwa ujazo wake, hivyo watu huirundika mpaka inapita vichwa vya wavutaji. Tuseme uzito umekaa mita 1 juu ya ekseli, na njia inapanda mita 1 kwa kila mita 10. Mzigo unaegemea nyuma kiasi cha sentimita 10, na zile kilo 20 za shingoni zinatoweka zote. Njia ikishuka, zinakuwa 40, na kwa kuwa mikokoteni hii kwa kawaida haina breki, ng'ombe wanazuia mzigo kwa nira inayowasukuma kuelekea kwenye pembe zao. Fundi aliyeweka ekseli katikati kabisa ya sanduku ametengeneza mkokoteni wa uwanja tambarare. Simiyu ina tambarare nyingi, lakini kutoka mashamba ya mbugani kwenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lililojengwa kwenye kichanga cha juu, luseni kama wasemavyo Wasukuma, lazima upande.

Tairi lililolika upande lina habari nyingine. Ekseli ya gari ikikatwa ifupishwe, au vichwa vyake vikichomelewa kwenye bomba, chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa na kulivuta bomba upande huo. Fundi anayezungusha moto mfululizo kutoka upande mmoja anapata ekseli iliyopinda kidogo sana, kiasi cha jicho kutoona. Ashikize kwanza sehemu nne zinazokabiliana, aache zipoe, ndipo ajaze kwa kupokezana pande. Kupima ni rahisi. Piga alama ya chaki kwenye matairi yote mawili, upande wa mbele, usawa wa ekseli, kisha pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma mkokoteni mpaka alama zilezile zifike nyuma, pima tena. Kwa kuwa alama hazibadiliki, hata rimu yenye kasoro haikudanganyi. Matairi yenye kipenyo cha sentimita 60 yakitofautiana sentimita 2 tu, basi kila mita 10 za safari yanaburutwa kando, kwa pamoja, zaidi ya sentimita 30. Kwenye tope la mbuga hutaligundua hilo. Ng'ombe ndio watakaojua. Kwenye lami ya kwenda Lamadi, tairi litakwambia mapema.

Beringi nazo hufa kwa vumbi, ndiyo, lakini pia kwa nati iliyokazwa kupita kiasi. Baada ya kilomita moja ya mwendo shika habu kwa kiganja: ikichoma, legeza. Kuna waliokwepa beringi kabisa kwa kutumia vipande vya mti mgumu vilivyochemshwa ndani ya oili mpaka mapovu ya maji yakome, kisha vikaachwa vipoe humohumo vinyonye oili. Kwa mwendo wa ng'ombe vinafaa, na vikiisha unachonga vingine.

Mti wa kuvutia ukipasuka, tazama tundu la boliti kabla ya kuulaumu mkaratusi. Nyuso za juu na chini ndizo zinazobeba nguvu mti unapopindwa. Tundu linalozitoboa linaukata pale unapohitajika. Toboa ubavuni, katikati ya unene. Na mti mbichi ukikauka hupungua, nati zinalegea, mtikisiko unamalizia kazi.

Haya yote yananirudisha kwenye tabia moja ambayo sikubaliani nayo: kuichomelea ekseli moja kwa moja kwenye fremu. Ikishachomelewa, mahali ilipo ndipo itakapobaki, iwe mchanga au pamba. Boliti za U, zile zinazoshika springi za magari, zingeiwezesha kusogezwa sentimita chache mbele au nyuma kabla ya mavuno. Mafundi hujibu kwamba boliti hulegea njiani. Kweli, zinalegea. Weka nati mbili kila mguu, na ukumbuke kuzikaza mzigo wa kwanza ukishashushwa.