Neno «Policy» katika Mchezo wa Marlowe

Katika «The Jew of Malta», mchezo wa Christopher Marlowe uliotungwa karibu na mwaka 1590, neno «policy» larudi tena na tena. Siku hizi Waingereza hulitumia zaidi kwa mpango, kama ule wa serikali. Zamani zile lilikuwa pia ujanja wa kutawala, na Machiavelli mwenyewe ndiye anayeletwa kuufungua mchezo. (Jina la polisi wetu ni la ukoo uleule.)

Marlowe amchora Barabas, Myahudi, kwa chuki ya wakati wake; chuki hiyo hatuipokei. Lakini tulisikilize neno. Ferneze, mtawala Mkristo wa Malta, anyang'anya Wayahudi mali yao ili alipe kodi ya Waturuki, tena kwa maneno ya dini. Mmoja wa wakubwa wake akitaja «policy», Barabas alidaka mara: kumbe hiyo ndiyo dini yao! Baadaye Ferneze akataa kulipa, na dhahabu yabaki kwake.

Mwishoni Barabas aanguka katika sufuria inayochemka. Ferneze, aliyemshinda kwa ujanja uleule, ashukuru mbingu. Sufuria yake hatukuiona.